Iringa ya Juu, kwa Miguu

Basi linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam huipita Iringa kwa chini. Baada ya Makambako na Mafinga, baada ya mipaina ya Sao Hill iliyopangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi, barabara kuu hushuka mpaka Ipogolo, jirani na Mto Ruaha Mdogo. Abiria hununua mahindi ya kuchoma dirishani, kondakta hupiga ubavu wa basi kwa kiganja, safari ikaendelea. Anayeinua macho upande wa mlimani huona miti, mawe makubwa na mabati yanayong'aa juu ya genge. Huko ndiko mji uliko. Wapo watu wa Nyanda za Juu Kusini waliopita hapo miaka nenda miaka rudi, na mpaka leo Iringa wanayoijua ni ile ya dirishani.

Ni hasara kubwa. Miji michache ya Tanzania Bara imebeba historia nzito namna hii katika eneo dogo namna hii, tena karibu yote inafikika kwa miguu ndani ya kutwa moja. Kutwa hiyo inachosha, na hilo mgeni aambiwe mapema. Kwenye ramani njia inaonekana fupi, kwa sababu ramani haipandi mlima. Ipogolo iko chini, mji uko juu ya bapa lake, na jiwe la Gangilonga liko juu zaidi. Katikati ya mji ni kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu, na Juni na Julai upepo wa asubuhi hupenya sweta. Mtu wa Pwani huanza kuhema kabla hajafika nusu ya kilima cha kwanza. Mtu wa Mbeya ana nafuu, kwani mapafu yake yamekulia kwenye mita 1,700 chini ya Mlima Loleza. Lakini magoti hayana cha Mbeya wala cha Pwani.

Njia iliyo bora, japo si rahisi, ni kulala Ipogolo na kuanza kupanda alfajiri. Daladala zipo, bajaji zipo, na bodaboda watamwita mgeni kila baada ya hatua kumi. Akatae kwa heshima, apande. Saa kumi na mbili na nusu atakuwa na wenzake njiani: wanafunzi waliofunga sweta hadi shingoni, wanawake wenye mabeseni ya mboga kichwani wanaoupandisha mlima bila kupunguza mwendo wala kukatisha mazungumzo, mafundi na mifuko yao ya vifaa. Barabara inajipinda, bonde linaanza kufunguka nyuma ya mabega, ukungu umelala juu ya mto. Mgeni atasimama mara mbili tatu kwa kisingizio cha kutazama mandhari, kumbe anavuta pumzi.

Na hapo ndipo miguu inapoanza kufundisha kitu ambacho gari halifundishi. Kwa nini mji uko huku juu, wakati maji, mashamba na barabara viko kule chini? Jibu ni kwamba waliouanzisha hawakuwa wakitafuta soko wala shamba. Walikuwa wakitafuta mahali ambapo adui hawezi kupanda bila kuonekana. Mpandaji anayetokwa jasho anapita kwenye hoja yao hatua kwa hatua.

Jina lenyewe linasema. Katika Kihehe lilinga ni ngome, na ngome iliyoitwa hivyo kwanza haikuwa hapa. Ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, makao makuu ya Mkwawa, Mtwa yaani mtawala wa Wahehe, ambaye jina lake refu ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wake waliuvizia msafara wa kijeshi wa Kijerumani huko Lugalo na kuusambaratisha, wakamuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kujipanga upya. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliipiga Kalenga kwa mizinga na kuiteka, lakini mwenye ngome hawakumpata. Mkwawa aliingia porini akaendelea kupigana.

Mwaka 1896, wakati yeye bado yuko hai na anawindwa, Tom von Prince, afisa wa jeshi la Kijerumani, alianzisha kituo cha kijeshi juu ya genge hili. Kikaitwa Iringa Mpya. Waliobomoa ngome walichukua hata jina lake. Gavana wa Kijerumani akatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa, na Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mtwa alijipiga risasi asishikwe mzima. Kichwa kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, katika kifungu cha 246, ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, mikononi mwa Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyelitafuta katika makumbusho ya Bremen. Miezi sita ya karatasi ilikuwa miaka 35 ya kungoja, na kwa Wahehe jambo hili si habari ya kitabuni. Ni mazishi yaliyocheleweshwa.

Mtu akishayajua hayo, akifika juu na kuuona mtaa wa kwanza ulionyooka, hawezi tena kuutazama kama mtaa tu.

Kituo cha kwanza ni Boma la Iringa. Ni jengo la Kijerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene zinazotunza ubaridi hata saa sita mchana, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya utawala. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ndani yake ngome ya mtawala imegeuzwa kuwa nyumba ya watawaliwa: vyombo vya jikoni, zana za kazi, picha za machifu na za watu wa kawaida, maelezo ya makabila ya eneo hili. Mgeni asiharakishe hapa. Saa moja na nusu inatosha kusoma kwa utulivu, na visigino vitashukuru. Wanaokwenda mbio kwa sababu wanataka "kumaliza mji" ndio hao hao ambao jioni hawakumbuki walichokiona.

Kutoka Boma mtembeaji anashika barabara ya Uhuru na kuanza kukata mitaa. Karibu na kituo cha polisi kuna mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907. Watu wengi huupita bila kugeuza shingo, na historia yake si nyepesi. Vita vile vilipolipuka, Mkwawa alikuwa na miaka saba tu kaburini. Nchi yake ilikuwa imechoka, na Wahehe wengi hawakujiunga na waasi, baadhi wakatumiwa hata upande wa Wajerumani. Ni vizuri kusimama mbele ya mnara huo dakika chache na kukubali kwamba wazee wetu walipita kwenye maamuzi magumu, na kwamba hawakuwa wote upande mmoja. Mbele kidogo, kwenye eneo la maduka, kuna Jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa. Mtu aliyeambiwa "tukutane saa" katika mji huu anajua pa kusimama.

Kufikia hapo simu ya mtembeaji, ikiwa ni ya kuhesabu hatua, inaanza kuikaribia ile namba maarufu ya 10,000. Wengi hudhani namba hiyo ilitoka kwa madaktari. Ilitoka Japani, dukani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya huko ilianza kuuza kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Jina lilikuwa tamu, likaenea dunia nzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kuhusu wanawake wenye umri wa wastani wa miaka 72 ulionyesha kuwa faida ya kutembea iliendelea kuongezeka mpaka hatua kama 7,500 kwa siku, kisha ikatulia. Mama wa Ipogolo aliyepandisha beseni la mboga asubuhi na atakayeshuka nalo jioni huenda ameivuka idadi hiyo kabla ya chakula cha mchana, na hakuna kifaa kiunoni mwake.

Soko kuu liko jirani, na ndilo mahali ambapo uchovu husahaulika kwa muda. Salamu ya hapa ni "Kamwene", na mgeni akiitoa kwa dhati, hata kama matamshi yake yamepinda, bei hulegea kidogo na mazungumzo huanza. Mtu wa Mbeya aliyezoea "Ugonile" ya Wanyakyusa hana haja ya kuona haya. Ataulizwa katokea wapi, na ndani ya dakika mbili atakuwa ametaniwa.

Cha kutazama zaidi sokoni ni vikapu. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, majani marefu ya kinamasini yanayokatwa, kukaushwa na kusukwa na wanawake vijijini. Kilicho kizuri hakina pengo hata la sindano. Kikishikwa mkononi ni chepesi kuliko kinavyoonekana, na kina harufu ya majani makavu isiyoisha upesi. Siku hizi vikapu hivi vinauzwa mbali, hata Ulaya na Marekani, kwa bei ambayo msukaji wa kijijini angeshangaa kuisikia. Ndiyo maana anayenunua hapa asibane senti kupita kiasi. Kikapu kimoja kina siku nyingi za vidole vya mtu.

Msimu wa mvua kuna kitu kingine: ulanzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondoka kwenye chombo cha mwanzi huo huo kiitwacho mbeta, na unaogemwa asubuhi hunywewa ukiwa bado mtamu kama togwa. Ukikaa, unachachuka na kupata nguvu. Mtembeaji mwenye nusu ya siku mbele yake achague ule wa asubuhi, au angoje jioni.

Mchana miguu hudai haki yake. Mahali pazuri pa kuilipa ni Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Kilianza na vijana watatu viziwi waliojifunza kutengeneza karatasi kwa mikono, ikiwamo karatasi ya kinyesi cha tembo, katika mkoa ambao watu wenye ulemavu wengi walikuwa wamefichwa ndani au kuachwa waombe barabarani. Leo wapo wafumaji, washonaji na mafundi wa kila aina, na mgahawa wake unahudumiwa na viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi, au hujaribu ishara alizoelekezwa. Baada ya nusu siku ya honi za bodaboda, ule utulivu wa chumba ambamo watu wanazungumza kwa vidole na nyuso humrudisha mtu katika hali yake. Ni sehemu ya ziara inayostahili heshima sawa na Boma, kwa sababu nayo inaeleza jinsi mji ulivyobadilika.

Hapo ndipo wengi huvua viatu chini ya meza na kugundua malengelenge. Raba zilizonunuliwa jana ni kosa la wageni wengi. Makobazi ya matairi yanafaa kuliko viatu vipya vya bei mbaya, ilimradi yameshazoea mguu.

Alasiri ina mahali pawili. Pa kwanza ni makaburi ya vita. Mwishoni mwa Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyotokea Nyasaland chini ya Jenerali Northey yaliingia Iringa, na miezi michache baadaye Wajerumani walirudi kuizingira. Waliokufa kutoka pande zote mbili wamelala hapa, Mwingereza na Mjerumani, mawe yao yakiwa yamepangwa kwa nidhamu na majani yamefyekwa. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo mabegani, Wabena, Wahehe, Wanyakyusa na wengine wengi waliokufa kwa njaa na magonjwa njiani, hawana mistari ya mawe kama hii. Aliyepanda kutoka Ipogolo na begi dogo tu mgongoni anaweza kukaa hapo kidogo, mabega yakiwa yameanza kuuma, akafikiri juu ya uzito wa gunia na mwendo wa miezi. Sio mbali na katikati ya mji kuna Kitanzini, jina ambalo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anaweza kulipasua mwenyewe akaona kilichomo. Wenyeji hulihusisha na kunyongwa kwa watu enzi za Mjerumani. Leo ni mtaa wa biashara, watoto wanacheza, nguo zimeanikwa.

Mahali pa pili ni Gangilonga, nako lazima kupandwa.

"Shikamoo mama. Gangilonga ni mbali?"

"Marahaba mwanangu. Wala si mbali, ni hapo tu. Panda na barabara hii."

"Hapo tu" ya mtu wa milimani ina urefu wake. Anayeitamka hamdanganyi mgeni. Anapima kwa miguu yake, na miguu yake imezoea. Mgeni ataipanda ile "hapo tu" kwa dakika nyingi, kupitia mitaa yenye nyumba za zamani na bustani, kisha njia inageuka ya vumbi, kisha mawe yanaanza. Wakati huo jua la saa kumi linachoma shingoni na upepo unapoza uso kwa wakati mmoja. Mashavu ya miguu yanawaka moto. Hatua za mwisho ni za mikono na magoti, kwenye mgongo wa jiwe kubwa lililolala kama nyangumi.

Liganga ni jiwe na kulonga ni kusema. Gangilonga ni jiwe linalosema. Simulizi ya Wahehe ni kwamba Mkwawa alikuwa akija hapa kukaa na kutafakari, na ni hapa ndipo alipopata habari kwamba Wajerumani wanakuja. Mtu anaweza kuichukua kwa namna yake, lakini akiwa juu ya jiwe haoni ugumu kuiamini, kwani kutoka hapa mtu anayekuja huonekana mapema sana.

Miji mingine imeshaupa mwendo wa namna hii heshima yake. Katika Kyoto, mji mkuu wa zamani wa Japani, kuna njia ya kando ya mfereji, yenye urefu wa kama kilomita mbili, inayoitwa Njia ya Mwanafalsafa. Imepewa jina hilo kwa sababu ya Nishida Kitaro, profesa aliyekuwa akiipita kila siku akifikiri. Wageni huitembea kwa maelfu, kisha huenda kupanda kilima cha Fushimi Inari, cha mita 233, kupitia chini ya malango mekundu yasiyohesabika, na jioni wote huchechemea. Hakuna anayeona kuchechemea huko kuwa dosari ya mji, ndiko kuutembelea. Lakini Kyoto humsaidia mtembeaji. Njia zina vibao, kuna mabenchi, kuna vyoo, kuna ramani. Zanzibar nayo, tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, imejenga kazi nzima ya waongozaji wanaowapitisha wageni vichochoroni kwa miguu.

Iringa inastahili hayo. Hapa watalii wengi wa kigeni hushuka, hulala, na alfajiri hupakiwa kwenye gari kwenda Hifadhi ya Ruaha kuona tembo, kilomita zaidi ya mia moja kutoka mjini. Mji unakuwa kituo cha mafuta. Anayetembea hugawana ukingo wa barabara na bodaboda, na kutoka Boma hadi Gangilonga huongozwa zaidi na midomo ya watu kuliko vibao. Midomo ya watu ni mizuri, na kibao hakiwezi kusema "Kamwene". Hata hivyo benchi chache kwenye mlima wa Ipogolo, kibao chenye maelezo matatu ya kweli mbele ya ule mnara wa Majimaji, na njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa, vingewafaa kwanza akina mama wa mabeseni, kisha wageni. Si mambo ya kusubiri mfadhili.

Mbeya ina hoja yake tofauti. Ilizaliwa 1927 kwa dhahabu ya Lupa, na imejinyoosha kufuata barabara kuu kutoka Iyunga hadi Uyole, kiasi kwamba kuitembea yote kwa miguu ni safari ya lami na moshi. Utamu wa Mbeya kwa mtembeaji uko juu, kwenye Loleza wa mita 2,656 na kilele cha Mbeya kilicho juu zaidi, ambako siku nzima inaisha bila kuona duka. Ndiyo maana mtu wa Mbeya aliyepanda milima yake tangu utoto huikuta Iringa ikimpa kitu kigeni: mlima ambao kila kona yake ina mtu aliyewahi kusimama pale na sababu ya kusimama.

Jioni juu ya Gangilonga wanakuwapo wengine. Wanafunzi wa vyuo wawili wawili na madaftari ambayo hayafunguliwi, vijana wenye spika ndogo, mzee mmoja mmoja aliyekuja kukaa kimya. Mabati ya mji yanageuka rangi ya shaba. Kule chini malori ya Tunduma yanawasha taa yakifuata barabara kuu, na kati yake lipo basi la Mbeya lenye abiria wanaonunua mahindi bila kujua kwamba kuna watu juu wanaowatazama. Mgeni anaweza kuuliza Kalenga iko upande gani, na daima atapatikana wa kumnyooshea kidole: ile pale, nyuma ya vilima vile, Iringa ya kwanza, lilipo fuvu.

Kushuka kunaumiza kuliko kupanda, kwa sababu misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua. Ashuke taratibu kabla giza halijaingia, aombe beseni la maji ya moto yenye chumvi pale alipofikia, na aulize daladala ya kwanza ya Kalenga inaondoka saa ngapi.